Mlimani Hushinda Aliyetanguliza Mtu

Simon Yates alifika Sestriere wa tatu tarehe 31 Mei 2025, na kwa nafasi hiyo ya tatu akamvua jezi ya waridi, ya kiongozi wa mbio za baiskeli za Giro d'Italia, kijana wa Mexico mwenye miaka 21, Isaac del Toro, aliyeamka nayo asubuhi. Siku iliyofuata alikabidhiwa kombe mjini Roma. Tangu hapo maelezo ninayokutana nayo ni mawili: kwamba Yates alikuwa na miguu kuliko wote, au kwamba Del Toro alizubaa kwa utoto. Siyakubali yote mawili. Giro ile iliamuliwa na mtu ambaye hakuwemo hata kidogo katika purukushani za mlimani, Mbelgiji Wout van Aert, aliyetoka mapema na kundi la mbele akaenda kumngoja Yates, kiongozi wake, ng'ambo ya kilele.

Msimamo wangu ni huu: katika hatua ya milima, miguu ya kiongozi humfikisha kileleni akiwa na nafasi ya kushinda, basi. Kama nafasi hiyo itageuka jezi au itayeyuka kabla ya utepe, hilo huamuliwa na mahali walipo wenzake dakika ile mlima unapokwisha. Na mahali hapo hupangwa asubuhi, kwenye basi la timu, kabla mtu hajakanyaga pedali.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mazungumzo haya hubaki ushabiki. Chukua mpanda baiskeli ambaye pamoja na baiskeli yake ana kilo 70. Kwenye mwinuko wa asilimia 9, akienda kilomita 20 kwa saa, anatakiwa kutoa karibu wati 390. Kati ya hizo, karibu 345 zinaliwa na kazi ya kujiinua tu. Upepo unachukua chini ya 30. Mshushe sasa tambarare, aende kilomita 45 kwa saa. Nguvu anayotoa haipishani sana na ile ya mlimani, lakini safari hii zaidi ya wati 300 zinaishia kwenye upepo. Hapo akipata mtu wa kumkatia upepo hupunguziwa kama theluthi moja ya kazi. Kule mlimani, mtu huyohuyo akiwa mbele yake angempunguzia wati chache mno.

Hesabu hiyo ndiyo inayoieleza siku nzima. Kwenye mlima mkali, msaidizi anaweza kukupa chupa ya maji, baiskeli yake yako ikiharibika, na mwendo usioyumba; mgongo wa kujificha hana. Ukishavuka kilele mambo hugeuka. Bondeni mtu mmoja aliyechoka akipambana na watatu wanaopokezana kukata upepo atafikiwa, hata kama ndiye bora kuliko wote watatu. Lakini kama huyo mmoja anamkuta mwenzake aliyepumzika akimngoja, na wale wanaomfukuza hawasikilizani, pengo la dakika moja huzaa mengine mawili au matatu bila yeye kuongeza jasho. Watazamaji wengi huzima televisheni akilini mwao pale kileleni, wakisubiri mpando unaofuata. Wanakosa mahali penyewe.

Colle delle Finestre ni mlima ambao umelionyesha jambo hili mara mbili ndani ya miaka saba. Uko kaskazini magharibi mwa Italia, katika mkoa wa Piemonte. Mpando wake ni kilomita 18.5, wastani wa mwinuko asilimia 9.2, na kilomita kama nane za mwisho hazina lami, ni changarawe hadi kilele cha mita 2,178. Barabara ni nyembamba, magari ya timu hubanana nyuma, na anayepasukiwa tairi anaweza kungoja sana. Ukivuka, unashuka kwa kona nyingi hadi bondeni, kisha unaanza kupanda tena kwenda Sestriere, mita 2,035. Mpando huu wa pili ni wa polepole, na hapo ndipo penye ufunguo wa yote. Mwinuko ukiwa mdogo, mwendo unapanda. Mwendo ukipanda, upepo unarudi kuwa adui. Na adui akiwa upepo, mtu mwenye mapaja makubwa ana thamani kuliko mpandaji mwembamba.

Asubuhi ile ya 2025 Del Toro alikuwa mbele ya Richard Carapaz wa Ecuador kwa sekunde 43, na mbele ya Yates kwa dakika 1 na sekunde 21. Timu ya Carapaz, EF Education-EasyPost, iliuanza mlima kwa mwendo wa kuua, naye akachomoka mapema. Del Toro akamfuata. Yates akawafikia taratibu, akajaribu kuchomoka, akajaribu tena, hatimaye wakamwachia. Neno kumwachia nalitumia kwa makusudi. Del Toro alimtazama Carapaz, Carapaz akamtazama Del Toro, na kila mmoja alikuwa na hoja yake. Del Toro aliona kwamba akimfukuza Yates atamvuta Carapaz bure hadi juu, kisha Carapaz atamgeuka na kumpiga zile sekunde 43. Carapaz naye aliona kwamba kazi ya kuilinda jezi ni ya aliyeivaa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: Yates alikwenda zake.

Kileleni pengo bado lilikuwa ndani ya dakika mbili. Kilomita zilizobaki hadi utepe hazikufika 30. Van Aert alikuwa anamngoja. Huyu si mpandaji wa milima mirefu. Mapema katika Giro hiyohiyo alishinda hatua ya Siena, siku ya barabara za vumbi za Toscana, mbele ya Del Toro mwenyewe, na ndiyo siku Del Toro alipoivaa jezi kwa mara ya kwanza. Kwenye mteremko na bonde la kwenda Sestriere Van Aert alikaa mbele ya Yates akavuta mpaka nguvu zikamwisha, kisha akajitoa pembeni. Angalia picha za dakika zile: Yates ameinamisha kichwa nyuma ya mgongo mpana, anakula, anakunywa, hana haja ya kuamua lolote. Nyuma yao watu wawili walio na nguvu za kutosha wanapishana bila kupokezana. Kwenye utepe pengo lilisoma dakika 5 na sekunde 13. Yaani zaidi ya dakika tatu zilizaliwa baada ya mlima, mahali ambapo mpandaji hodari hana cha kuonyesha kama yuko peke yake.

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 25 Mei 2018, na aliyeumia siku hiyo alikuwa Simon Yates huyuhuyu. Alikuwa na jezi ya waridi, akaishiwa nguvu miguuni mwa Finestre, akafika mwisho zaidi ya dakika 38 nyuma. Aliyenufaika ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akanolewa na David Kinjah kule Kikuyu, na akaivalia Kenya kabla ya kuhamia leseni ya Uingereza mwaka 2008. Asubuhi hiyo Froome alikuwa nyuma ya Yates kwa dakika 3 na sekunde 22. Timu yake, Sky, ilipeleka wafanyakazi wake kando ya barabara, wakagawana mpando mzima wakiwa na chupa na chakula, ili Froome asibebe uzito wa maji zaidi ya anavyohitaji. Wasaidizi wake waliingia mlimani mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akivuta mpaka akaisha, wa mwisho akiwa Mfaransa Kenny Elissonde. Kisha Froome akachomoka kwenye changarawe, zikiwa zimebaki kilomita kama 80.

Kilomita 80 peke yake ni wazimu, kwa hesabu niliyoitoa juu. Ilifaa kwa sababu waliobaki nyuma walikuwa watano wenye malengo tofauti. Tom Dumoulin ndiye aliyekuwa na sababu kubwa ya kumfukuza, lakini hakuwa na mwenzake hata mmoja. Aliamua kumngoja Sébastien Reichenbach, msaidizi wa Thibaut Pinot, apatikane mtu mmoja zaidi wa kuvuta bondeni. Reichenbach aliteremka polepole, na pengo likakua walipokuwa wanamsubiri. Miguel Ángel López na Carapaz, ndiyo, Carapaz huyuhuyu, walikuwa wanagombea jezi nyeupe ya vijana, na hakuna aliyetaka kumvuta mwenzake. Froome alishinda kwa dakika tatu kamili mbele ya Carapaz, Dumoulin akafika dakika 3 na sekunde 23 nyuma, na Giro ikaisha Roma kwa tofauti ya sekunde 46 kati ya Froome na Dumoulin. Nimelitafakari kosa la Dumoulin kwa muda mrefu, na naona hakukosea kungoja. Wazo la kupata mtu bondeni lilikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba mtu huyo alipaswa kuwa wa timu yake, na alipaswa kuwa mbele, si nyuma.

Najua swali litakalokuja: na Tadej Pogačar, anayeshinda akiwa peke yake, je? Wasomaji wa Afrika Mashariki wameliona jibu lao kwa macho. Tarehe 28 Septemba 2025, kwenye mashindano ya dunia ya Kigali, ya kwanza kufanyika barani Afrika, alichomoka Mont Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100 kati ya 267.5, akamaliza kilomita 66 za mwisho akiwa peke yake. Remco Evenepoel, wa pili, alikuwa nyuma kwa dakika 1 na sekunde 28. Waliofika utepe siku hiyo ni 30 tu. Hapo inaonekana kama mtu mwenye nguvu za kutosha hahitaji kupanga chochote.

Lakini Kigali haikuwa mlima wenye bonde refu baada yake. Ilikuwa mzunguko wa kona, mawe na vilima vifupi, ambapo kundi linalofukuza halipati nafasi ya kujipanga, na timu za taifa zikishapukutika hakuna anayebaki wa kuvuta. Kwenye mashindano ya dunia waendeshaji hawana hata redio za masikioni. Na bado Pogačar hakuondoka peke yake mara moja. Aliyemfuata kwanza ni Juan Ayuso wa Hispania, kisha Del Toro wa Mexico, wote wawili wakiwa waajiriwa wa timu yake ya mwaka mzima, UAE Team Emirates. Hawakudumu naye sana, lakini dakika zile za mwanzo, ambazo kwa kawaida ndizo za hatari, watu aliokuwa nao hawakuwa wageni kwake.

Anayetaka kumwona Pogačar akikutana na hesabu arudi kwenye hatua ya 11 ya Tour de France ya 2022, tarehe 13 Julai, kutoka Albertville hadi Col du Granon. Alikuwa na jezi ya njano na sekunde 39 juu ya Jonas Vingegaard. Timu yake ilikuwa imepoteza watu wawili kwa Uviko. Timu ya Vingegaard, Jumbo-Visma, ilimtoa Van Aert mbele tangu kilomita za kwanza, kisha kuanzia Col du Télégraphe ikaanza kumchokoza Pogačar. Primož Roglič alichomoka, Pogačar akamfunga. Vingegaard akachomoka, Pogačar akamfunga. Roglič tena. Walibadilishana hivyo kuelekea Galibier, mita 2,642 juu ya bahari, na kila mara aliyejibu alikuwa mtu mmoja, kwa miguu yake mwenyewe. Roglič alikuwa ameshapoteza muda mwingi siku za nyuma. Hakuwa na cha kupoteza, na ndiyo maana alifaa kwa kazi ile. Pogačar alionekana ana nguvu kuliko wote juu ya Galibier. Kwenye Granon, mpando wa kilomita 11.3 wenye mwinuko wa asilimia 9.2, zikiwa zimebaki chini ya kilomita tano, Vingegaard alichomoka mara moja tu. Pogačar alipoteza dakika 2 na sekunde 51 katika umbali ambao watu hukimbia asubuhi kabla ya chai. Nguvu alikuwa nazo. Zilikuwa zimelipwa tayari, vipandevipande, kilomita 60 nyuma.

Dhana nyingine ninayotaka kuiondoa ni ile inayomwona msaidizi kama mtu aliyeshindwa kuwa kiongozi. Sepp Kuss alifanya kazi ya kuwavuta wengine milimani kwa miaka, na mwaka 2023 alipopewa nafasi aliishinda Vuelta a España. Hakubadilika miguu, kilichobadilika ni wajibu. Vilevile watu huitazama ile safu ya jezi za rangi moja inayovuta msafara mlimani, jinsi Sky walivyokuwa wakifanya katika miaka Froome aliposhinda Tour 2013, 2015, 2016 na 2017, wakaona ni majigambo. Kazi yake ni kupandisha bei ya kuchomoka. Msafara ukienda kwa mwendo ambao hodari anauweza kwa nusu saa tu, anayetaka kuondoka atalazimika kwenda kwa mwendo anaouweza kwa dakika mbili, kisha nini? Safu hiyo haimzuii mtu kwa mkono. Inamfanya apige hesabu, akae.

Lakini safu ina ubovu wake, na hapa natofautiana na makocha wengi. Inawakusanya wote mahali pamoja, nyuma ya kiongozi, na kuwatumia kabla ya kilele. Timu za mbio ndefu zina watu wanane tu tangu 2018, zamani walikuwa tisa. Ukiwatumia sita kwenye mpando, bondeni umebaki na nani? UAE siku ya Finestre walikuwa na wapandaji wazuri, wakiwemo Rafał Majka, Brandon McNulty na Adam Yates, pacha wa Simon. Wote walikuwa nyuma ya Del Toro wakati wa kuamua ulipofika, na mbele hapakuwa na wa kumvuta. Kwa hiyo nikisikia lawama zinamwangukia kijana naona haki haijatendeka. Aliachwa na maswali mawili yasiyo na jibu zuri, juu ya changarawe, mapigo ya moyo yakiwa juu. Maswali hayo yalikuwa ya gari la timu, na yalikuwa ya asubuhi.

Dawa zipo, na si za gharama. Ya kwanza: kila timu yenye jezi ilazimike kumtaja kabla ya hatua kuanza mpinzani ambaye iko tayari kushindwa naye. Linaumiza kulisema, lakini asiyelisema mapema atashindwa na mtu wa tatu. Kama Del Toro angeambiwa kwamba kupoteza kwa Carapaz ni bora kuliko kumwachia Yates, angefukuza tangu mwanzo, na hata Carapaz angelazimika kusaidia kuilinda nafasi yake. Ya pili: katika kundi la mapema aingizwe mtu mmoja mzito, wa tambarare, mwenye amri moja tu ya kutoshindania hatua. Ya tatu: kiongozi aliyeachwa bila msaada na akajua wenzake wako sekunde 30 nyuma awangoje, asione haya. Sekunde hizo hurudi bondeni kama kuna watatu wa kuvuta.

Na kwetu? Tour du Rwanda iliingia kalenda ya kimataifa mwaka 2009, ikapandishwa ngazi mwaka 2019. Kuanzia 2014 hadi 2018 washindi walikuwa Wanyarwanda mfululizo: Valens Ndayisenga mara mbili, Jean Bosco Nsengimana, Joseph Areruya, Samuel Mugisha. Kuanzia 2019 hadi 2025 hakushinda Mnyarwanda hata mmoja. Walioshinda ni Waeritrea mara nne, na wageni wa Ulaya. Sababu ni nyingi, na pesa ni mojawapo, lakini sehemu moja naijua kwa kuitazama: timu zilizokuja zina watu waliozoea kugawana kazi tangu wakiwa vijana, wakati vijana wetu wamelelewa kwenye mbio ambazo kila mtu anajipigania. Zawadi ikiwa ni ya anayefika wa kwanza peke yake, nani atatangulia kwenda kumngoja mwenzake? Kwenye timu za kulipwa, desturi ni zawadi kuingia mfuko mmoja na kugawanywa, na ndiyo maana mtu kama Van Aert anaweza kusimama njiani kumsubiri mwingine bila kuhesabu hasara.

Mazoezi yake pia si magumu. Kikundi kinachopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto kinaweza kumtanguliza mmoja mapema akawangoje Soni, kisha wote wakajifunza kumwingiza mbele bila kupoteza mwendo, nani anakula lini, nani anavuta kwanza. Vijana wa Kikuyu na wa Musanze wana mipando ya kutosha kwa zoezi hilo, na wana miguu. Kinachokosekana ni sababu ya kulifanya. Vyama vya baiskeli vya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi vinaweza kuitoa bila kusubiri mfadhili yeyote: kwa msimu mmoja, katika kila mbio ya kitaifa yenye mlima, fedha nyingi zitengwe kwa timu na kidogo kwa mshindi binafsi, na muda wa timu uhesabiwe kwa mtu wa tatu kufika. Tunaomba vianze na msimu ujao.